Sonona si uvivu: hamu ikikatika, anzia hapa

Kanga zimelowekwa ndooni tangu Jumatatu. Leo ni Alhamisi, povu limekwisha, maji yameanza kunuka, na mwenye kanga amekaa kitandani akiyatazama. Majirani wanasema amekuwa mvivu. Shangazi anashauri apelekwe kwa mganga. Mwenyewe anajiambia: nikipata hamu nitafua.

Hamu hiyo haiji kwa kungojewa. Sonona inapomshika mtu huweza kuondoa ile raha ya kufanya mambo, nguvu, usingizi, hamu ya chakula na umakini. Ukiona huzuni au kukosa hamu kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na kazi au maisha ya nyumbani yameyumba, nenda ukapimwe.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wengi wetu tukifika pale husema kichwa kinauma, tumbo linavuruga, moyo unakwenda mbio. Tunapimwa malaria, tunapewa panadoli, tunarudi nyumbani vilevile. Sema pia lile lililokuleta hasa: “Daktari, kwa mwezi mzima sina hamu na kitu, hata watoto wangu siwafurahii, naamka saa tisa usiku silali tena.” Sentensi hiyo moja itamsaidia daktari kuliko malalamiko kumi ya mwili. Anaweza pia kukupima damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo navyo huchosha mtu hivyohivyo. Akiona inafaa, atakupa rufaa kwa mwanasaikolojia au kliniki ya afya ya akili.

Tiba ya mazungumzo si mahubiri wala kugombezwa. Mnakaa faragha, kwa kawaida chini ya saa moja, mara nyingi kila wiki. Mtaalamu anauliza, anasikiliza, kisha mnapanga jambo dogo la kufanya kabla hamjaonana tena: kufua kanga moja tu, kutembea hadi dukani na kurudi. Unalifanya bila hamu, na hamu hufuata nyuma, taratibu. Usikate tamaa baada ya siku ya kwanza. Na kama hamkuelewana na mtaalamu huyo, omba mwingine bila aibu.

Wala tiba hii si ya watu wa mjini tu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, wanavijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwa na vikundi.

Ukiandikiwa dawa, fahamu kwamba huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Usiziache ghafla kwa sababu umejisikia vizuri. Zungumza na daktari kwanza.

Mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Mwambie mtu leo, usibaki peke yako, sumu na dawa ziondolewe karibu nawe, na uende hospitali sasa hivi.

Na kama mgonjwa ni ndugu yako, usimwambie ajikaze. Mwambie utampitia kesho saa mbili asubuhi, mwende wote.