Nati ya sproketi ya mbele haikai

Fundi, nati ya sproketi ndogo naikaza leo, wiki haiishi imelegea. Nifanyeje?

Acha kuikaza, ifungue uone kilicho nyuma yake. Nyingi zina washa bapa ya kukunja: ukingo wake huinuliwa ukalala kwenye ubavu wa nati ili isizunguke. Washa hiyo ikikunjuliwa na kukunjwa tena palepale, chuma chake huchoka kikakatika. Weka mpya kila unapofungua.

Kisha angalia meno ya shafti. Ukikuta unga mwekundu kama kutu iliyosagwa, ujue chuma kinakula chuma. Weka sproketi mpya kwenye shafti, uitikise kwa kuizungusha mbele na nyuma. Ikicheza, shafti imekwisha, na nati haina kosa: kila ukivuta mafuta na kuachia, sproketi inagonga meno, na mapigo hayo ndiyo yanayoifungua nati. Cheni iliyokazwa mno huongeza balaa, hasa abiria na gunia wakishapanda. Kwa pikipiki ndogo nyingi, cheni icheze sentimita 2 hadi 3 katikati, lakini fuata kitabu chake.

Naikazaje bila shafti kuzunguka?

Cheni iwe mahali pake, gia iwe huru, mwenzako akanyage breki ya nyuma kwa nguvu. Usikwamishe cheni kwa nondo. Utapasua kava la injini. Kitabu cha pikipiki ndicho chenye kipimo, na kwa nati kubwa aghalabu ni Nyutonimita 80 au zaidi. Spana fupi ya kwenye boksi la pikipiki haifiki huko.

Yangu haina nati, ina kibati na bolti mbili.

Huo ni mtindo wa Honda CG125 na pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata umbo lake. Kibati hukaa kwenye mfereji wa shafti, bolti zikakishika kwenye sproketi. Hapa sproketi kusogea kidogo kulia na kushoto ni kawaida, usihangaike nayo. Bolti zenyewe ni nyembamba, za milimita 6. Nyutonimita 10 zinazitosha, na ukizikaza kwa hasira zitakatika vichwa. Safisha nyuzi zake kwa petroli, ziache zikauke, halafu tia tone la gundi ya nati, ile inayofunguka kwa spana.

Fundi wa mtaani anasema tuichomelee tu.

Mkatalie. Moto ule hupita kwenye shafti hadi kwenye sili na beringi, kesho oili inavuja. Na sproketi ikiisha meno, kuitoa ni kazi ya kusaga chuma kilichoungana, pengine hadi kupasua injini. Ikiwa shafti ndiyo iliyolika, injini itapasuliwa vyovyote. Nunua sili na beringi ya upande huo pamoja na shafti, maana kazi ya kuzifikia ni ileile.