KUTU KATIKA BODI YA GARI KUUKUU

Doa dogo la kutu chini ya mlango wa gari kuukuu hudhaniwa kuwa dosari ya rangi tu. Mara nyingi doa hilo ni dalili ya mwisho, wala si ya kwanza: chuma kimekwisha kuliwa kutoka ndani. Mfano mzuri ni Volkswagen ya umbo la kobe, iliyoundwa kuanzia 1938 hadi 2003.

Asili ya kutu
Chuma hupata kutu panapokutana maji na oksijeni. Sehemu moja ya bamba hupoteza elektroni, na kwenye sehemu nyingine oksijeni huzipokea. Chumvi huharakisha badiliko hilo, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa; ndiyo sababu rangi huvimba.

Ukaguzi
Chini ya milango ya gari hilo, kila upande, pana mfereji wa chuma upitishao hewa ya moto kutoka kwenye injini iliyo nyuma. Mfereji huo pia ni mhimili wa bodi, na unyevunyevu uingiao humo haukauki upesi. Fundi huugonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Kisha huuchokoa kwa bisibisi. Sumaku isiponata, chini ya rangi mna puti. Sakafu chini ya kiti cha nyuma, inapokaa betri, huliwa pia na asidi.

Matengenezo
Kutu ya juu juu husuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha hupakwa rangi ya msingi yenye zinki. Bamba lililotoboka hukatwa hadi kwenye chuma kizima, na kipande kipya cha unene uleule huchomelewa. Kabla ya kuchomelea, betri na tangi la petroli hutolewa. Mifereji hubadilishwa mmoja baada ya mwingine ili bodi isipinde. Puti huficha tundu, lakini haibebi mzigo. Siku ya ajali, abiria ndio hulipa gharama ya udanganyifu huo.

Jaribio
Kwaruza kwa tupa msumari wa kuezekea uliopakwa zinki. Utie katika maji ya chumvi. Msumari wa kawaida uutie katika chombo kingine chenye maji hayo. Ilinganishe baada ya siku tatu.

Maswali
1. Kwa nini mkwaruzo haukupata kutu upesi?
2. Kwa nini kupaka rangi juu ya kutu hakuizuii?