Msimlazimishe Mtoto Kusimulia Msiba Wake: Kijitabu kwa Walimu, Wazazi na Kamati za Shule

Tangu mtaala mpya uanze kutekelezwa mwaka 2024, Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kuanzia Darasa la Tatu. Humo mtoto hujifunza jinsi jamii zetu zilivyokabili njaa, vita, ukame na mafuriko, zikasimama tena. Ni somo jema na tunajivunia kulisimamia. Lakini malalamiko ya wazazi yanayotufikia ni ya jambo moja: mwanafunzi kusimamishwa mbele ya wenzake aeleze siku nyumba yao ilipozolewa na maji, au alivyofiwa na mama. Likome.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Watoto walionusurika ni wanafunzi wetu. Mwalimu asiyejua nani kafiwa atalitonesha donda bila kukusudia, darasa zima likimkodolea macho mtoto huyo. Akinyamaza, asihesabiwe mtovu wa nidhamu wala asinyimwe alama.

Badala yake, anzeni na historia ya mbali. Shinyanga, Wasukuma walitenga ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili ndama na maksai wapate nyasi kiangazi. Watu walipohamishiwa vijiji vipya miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa na ardhi ikabaki uchi. Mradi wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HASHI ulipoanza mwaka 1986, zilikuwa zimesalia hekta zipatazo 600 tu. Wanakijiji wakarudia sheria zao za kimila, serikali ikawaunga mkono, na miaka isiyozidi 20 baadaye zikavuka hekta 300,000. Waulizeni wanafunzi: nani alikubali kuwazuia ng'ombe wake, na alipata nini?

Au chukueni ngoro za Wamatengo wa Mbinga, mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko mikali ili mvua isiondoke na udongo. Darasa lichimbe ngoro chache katika shamba la shule, limwage maji, lione. Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kukaririshwa.

Mzee akialikwa kusimulia, mwalimu azungumze naye kwanza na wazazi wajulishwe kwa maandishi. Wanafunzi wasitumwe peke yao majumbani mwa watu, kingo za mito wala makorongo yaliyoporomoka. Agizo hili ni kwa shule za serikali na za binafsi. Taratibu za vibali vya ziara ziko kwa mwalimu mkuu.

Tunarudia: msimlazimishe. Mtoto anayetaka mwenyewe kusimulia asikilizwe faraghani na mwalimu wa malezi na unasihi. Akikosa usingizi, akijitenga au akisusa chakula, afikishwe kwa afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, simu ya msaada kwa mtoto. Hailipiwi.