Kutoka Kwa Vonza hadi Chennai: jinsi ya kumsindikiza rafiki anayekwenda kupandikizwa figo

Rafiki yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa sokoni Kwa Vonza, kando ya barabara ya Machakos kwenda Kitui. Kwa miaka miwili, juu ya kaunta yake, katikati ya misumari na makufuli, palikuwa na kikombe cha plastiki alichokitia alama kwa kalamu. Nusu lita kwa siku. Chai ilihesabiwa humo, supu ilihesabiwa humo, na hata barafu aliyoimumunya jioni ilihesabiwa. Mara mbili kwa wiki alipanda matatu kwenda mjini Kitui kusafishwa damu, akikaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, kisha akarudi akiwa amechoka kiasi cha kushindwa kuhesabu chenji. Ukijua jua letu la Septemba, utajua kikombe kile kilikuwa adhabu ya namna gani.

Mwaka jana nilimsindikiza India, yeye na dada yake aliyempa figo. Tulikaa siku 74. Tangu turudi, watu wanne wamenijia, wengine kutoka Wote na Kibwezi, wakiniuliza mambo yaleyale. Naandika hapa ili anayefuata asianze gizani kama mimi.

Kabla ya yote, ulizeni kama safari inahitajika. Upandikizaji wa figo unafanyika Kenya: Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta inaufanya, na Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret pia. Sisi tulielekezwa nje kwa sababu makundi ya damu hayakupatana, rafiki yangu akiwa O na dada yake A. Upandikizaji wa namna hiyo unawezekana, lakini mgonjwa huandaliwa kwanza kwa kuondolewa kingamwili ambazo zingelishambulia figo jipya. Daktari wake wa Nairobi ndiye aliyependekeza kituo. Nalitia mkazo hilo, kwa sababu kabla ya hapo tulikuwa tumeshikwa mkono na wakala mmoja aliyetuahidi kila kitu, hata mtoaji wa figo “wa kulekule”. Ukisikia maneno hayo, ondoka. Sheria ya India ya upandikizaji wa viungo, ya mwaka 1994 iliyorekebishwa 2011, hairuhusu raia wa kigeni kupewa figo na Mhindi aliye hai ila wawe jamaa wa karibu. Mtu aliyeuza shamba ili afuate ahadi ya wakala atafika kule na kukuta mlango umefungwa, au atajikuta ndani ya uhalifu.

Na hao jamaa wa karibu sheria imewataja: mume au mke, mzazi, mtoto, kaka, dada, babu, bibi, mjukuu. Hapa kwetu neno ndugu ni pana. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu, mtoto wa mama mkubwa ni ndugu, na hakuna anayekuuliza zaidi. Kule wanauliza zaidi. Binamu yake wa kwanza alikuwa tayari kutoa, tena kundi la damu liliwiana, lakini hayumo katika orodha hiyo. Mimi rafiki simo kabisa. Nilijitolea, nikaambiwa kazi yangu itakuwa nyingine.

Makaratasi ndiyo yaliyotupotezea muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Wageni wakipeana figo India, uhusiano wao unathibitishwa na ubalozi wa nchi yao, kwa fomu namba 21, na kwetu Wakenya huo ni ubalozi ulioko New Delhi. Afisa wa ubalozi hawezi kuthibitisha kwa kuwatazama nyuso. Anatazama vyeti vya kuzaliwa, na humo ndimo Wakamba tunamoponzwa na tahajia. Jina kama Syombua karani mmoja analiandika Syombua, mwingine Siombua, wa tatu Sombua. Jina la mama yao lilikuwa limeandikwa namna mbili katika vyeti viwili, na dada mtu, aliyeolewa Wote, kitambulisho chake kilikuwa na jina la mume. Kwenye karatasi hawa walikuwa watu wawili wasiojuana. Tulihangaika wiki tatu na hati za kiapo, barua ya chifu na marekebisho ya cheti. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hujachangisha hata shilingi, weka vyeti vyote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Yakihitilafiana, anzia hapo.

Baadaye kuna kamati ya idhini inayowahoji mtoaji na mpokeaji, huku mahojiano yakirekodiwa kwa video. Kanuni za India za 2014 zinataka mtoaji akiwa mwanamke, ridhaa yake ithibitishwe na mtu mwingine asiyekuwa mpokeaji. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Nilipomsikia dada yule akiulizwa peke yake, polepole, kama kuna yeyote aliyemlazimisha, nilibadili mawazo. Nyumbani hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Tulikuwa tumemshukuru tu.

Viza ya mpokeaji ni ya matibabu. Usidanganywe kwenda kwa ile ya utalii, kwani upandikizaji haufanywi kwa viza hiyo. Msindikizaji ana viza yake, inayofungamana na ya mgonjwa. Halafu kuna chanjo ya homa ya manjano, ambayo India inaidai kwa kila anayetoka Kenya. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na aliyekwisha kupandikizwa hapewi. Kwa hiyo mgonjwa asiende kuchomwa kiholela. Daktari wake wa figo aamue miezi kadhaa kabla, na akiona haifai aandike barua rasmi ya kumwachilia.

Kuhusu fedha nitasema machache. Harambee yetu ilikuwa na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na mgonjwa hakuwa mmoja wao. Ilimpunguzia maneno. Makadirio ya hospitali yanahesabu upasuaji. Hayahesabu chumba cha kupanga, nauli za kila siku, vipimo vya kurudiwa, wala dawa za miezi ya kwanza. Tulitenga theluthi ya fedha zote pembeni na tukaitumia karibu yote. Lipa hospitali kupitia benki, na kama mnabeba noti taslimu zinazozidi dola 5,000, zitangazeni forodhani mkiingia India.

Lipo jambo moja ambalo hatupendi kulitamka. Wiki moja kabla ya kuondoka, nilikaa na rafiki yangu nyuma ya duka, mlango ukiwa umefungwa, nikamuuliza: likitokea baya, nani aamue? Urejeshwe nyumbani vipi? Madeni ya duka anayajua nani? Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mwalimu, leta karatasi.” Aliandika ukurasa mmoja, akatia sahihi, akanikabidhi. Kule Chennai, usiku wa homa, sikuwa na haja ya kubahatisha alichokitaka. Ukishindwa kuuliza maswali haya hapa nyumbani, utayauliza koridoni mwa hospitali, na wa kujibu atakuwa hajitambui.

Safari yenyewe ipangwe kufuata mashine. Alisafishwa damu siku moja kabla ya kuondoka, na nafasi ya kusafishwa tena kule Chennai tulikuwa tumeipata kwa barua pepe kabla hatujakata tiketi. Nairobi hadi Mumbai ni kama saa sita angani, kisha ndege nyingine hadi Chennai. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama mgonjwa anasema anaweza kutembea. Dawa zote na faili zikae katika mkoba wa mkononi.

Chennai kuna joto la unyevu, la kukushika kama shati lililoloa, si joto letu kavu. Chakula kilitutisha siku mbili, kisha tukagundua sambar inapikwa kwa mbaazi, nzuu hizihizi za Kitui na Makueni, na kwamba ndengu zimejaa kila duka. Dada mtu alinunua ndengu na mchele, akapika katika jiko la chumba tulichopanga. Mgonjwa alipewa kijiko kimoja tu, kwa sababu ya potasiamu, lakini alikaa karibu na sufuria ili anuse.

Sasa kazi ya msindikizaji. Nunua daftari gumu la kurasa 200. Andika kila kitu: jina la dawa, kipimo, saa, jina la daktari, alichosema, utakachouliza kesho. Madaktari hupita asubuhi kwa dakika chache, wanasema kwa haraka, na mgonjwa mwenye hofu husikia nusu tu. Nilifanya kosa moja ninalolijutia. Daktari alisema vipimo vya kinga havijashuka vya kutosha na huenda upasuaji ukaahirishwa. Mimi nikamtafsiria kwa Kikamba kwamba kila kitu kinaendelea vizuri. Siku mbili baadaye upasuaji uliahirishwa, na akanitazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Tangu siku hiyo nilitafsiri lilivyo, hata likiwa chungu, nikimuuliza daktari mbele yake pale nisipoelewa.

Siku ya upasuaji ilinifunza kwa nini wanahitajika watu watatu. Wawili wanaingia chumba cha upasuaji asubuhi, na anayebaki amesimama ni wewe peke yako. Wewe ndiwe unayeitwa kutia sahihi, kununua dawa ghorofa ya chini, kupokea simu za Kwa Vonza. Kula asubuhi hiyo. Mimi sikula, na alasiri mikono ilikuwa ikinitetemeka hata saini yangu ikakataliwa mara moja.

Jioni daktari alitoka akaniambia figo limeanza kufanya kazi palepale mezani. Siku chache baadaye waliponiruhusu kuingia wodini, niliuona mfuko ukining’inia kando ya kitanda, umejaa maji ya rangi ya chai hafifu. Mtu huyu hakuwa amekojoa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Muuguzi alinipa jagi lenye mistari, akanifundisha kupima: kilichotoka upande huu wa ukurasa, alichokunywa upande ule. Alipaswa kunywa kwa kadiri alivyotoa. Niliandika usiku kucha. Mililita 300. Mililita 450. Aliniomba maji, nikampa glasi nzima, naye akaishika kwa mikono miwili bila kunywa, akiniangalia kana kwamba anasubiri nimkataze.

Katika furaha hiyo nilimsahau dada yake. Alikuwa wodi nyingine, ghorofa ya juu, na simu zote kutoka nyumbani zilimuulizia kaka. Siku ya pili nilipanda na uji, nikamkuta amegeukia ukuta. Akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, na mimi nimekatwa.” Sikuwa na la kujibu. Kuanzia hapo nilianza ziara zangu kwake, ndipo nishuke kwa mgonjwa. Mtoaji aliingia akiwa mzima na anatoka na kidonda. Maumivu yake ni ya kweli, na hana ugonjwa wa kumfanya ahurumiwe. Mpe simu azungumze na watoto wake. Mtengee fedha zake za kujikimu wakati hawezi kubeba mtungi wala jembe, na fedha hizo zisitoke katika mkoba wa kaka yake.

Watu wa nyumbani waandikie mara moja kwa siku. Niliwatumia taarifa saa kumi na mbili jioni ya Kenya, ambayo kule ni saa mbili na nusu usiku, mistari mitatu tu. Siku niliyochelewa, uvumi ulifika sokoni kwamba amefariki, na mama yake akausikia akiwa kisimani.

Kabla hamjarudi, hakikisheni dawa za kuzuia mwili kukataa figo zinapatikana Nairobi, kwa chapa ileile, na mjue bei yake, kwa maana atazimeza kila baada ya saa 12 maisha yake yote. Asibadilishe chapa bila daktari na kipimo cha damu. Damu ya kupima takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo, hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dozi. Ukimeza kwanza, kipimo kimeharibika. Balungi asile, na mitishamba isiingie, hata iletwe na shangazi anayempenda kuliko wote.

Na wageni watakuja. Kwetu mtu hawezi kutoka India baada ya wiki kumi asijiwe na kijiji kizima, wengine na kuku, wengine na kikohozi. Kinga yake imeshushwa makusudi, hivyo tulipanga viti chini ya mwembe, mbali naye, tukaweka ndoo ya bomba na sabuni getini. Wazee wawili waliudhika. Mama yake aliwafuata hadi barabarani akawaeleza mwenyewe.

Maji ndiyo yaliyobaki kuwa kazi kubwa. Nyumbani kwake yanaletwa na punda, mitungi minne kwa safari, kutoka visima vya mchangani. Yanachemshwa yote, yanafunikwa, yanapoa usiku kwenye sufuria mbili. Daftari nilimwachia, na anaendelea kuandika uzito, joto la mwili, saa ya dawa. Juzi nilipita dukani. Kile kikombe chenye alama sasa amekijaza misumari ya inchi mbili, na kando ya kaunta kuna jagi la lita tatu. Ilikuwa saa nane mchana, nalo lilikuwa limebaki robo.