Sifuri Mbili Katika Fomu Moja: Fahamu Taarifa za Magonjwa ya Ngono Zinavyofanya Kazi

Kila mwanzo wa mwezi, zahanati na vituo vya afya vya Wilaya yetu ya Kongwa hujumlisha rejista zake na kuwasilisha taarifa ya mwezi uliopita katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kazi hiyo ni sehemu ya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la MTUHA. Takwimu huhakikiwa na kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2, ambamo Mkoa wa Dodoma na Wizara ya Afya huzisoma. Zimo pia takwimu za magonjwa ya ngono, nazo zinamhusu hata mkazi asiyeumwa.

Takwimu hizo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni dalili. Mgonjwa anayefika akitokwa usaha, uchafu ukeni, au akiwa na kidonda sehemu za siri hutibiwa siku hiyohiyo kwa kufuata mwongozo wa taifa, bila kusubiri majibu ya maabara. Utaratibu huu si wa kubahatisha. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, ulionesha kuwa kuboresha matibabu ya namna hii katika vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Udhaifu wake ni kwamba humwona mwenye dalili tu. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawahisi chochote, na kidonda cha kwanza cha kaswende kwa kawaida hakiumi. Hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa, huku ugonjwa ukibaki mwilini.

Njia ya pili ni kipimo, na hapa kliniki ya wajawazito ndiyo jicho letu kubwa. Kwa tone la damu ya kidole, kipimo cha pamoja hubaini VVU na kaswende kwa muda mfupi, na majibu huandikwa katika rejista na katika kadi ya mama. Utafiti mwingine wa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kuwa kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa, takribani mmoja katika kila wanne alijifungua mtoto mfu. Kinga yake ni sindano ya benzathini penisilini, dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu, ilimradi itolewe angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Mama anayeanza kliniki katika mwezi wa nane huikaribia mno siku hiyo.

Sasa tuitazame fomu yenyewe. Tuseme zahanati mbili zimeandika sifuri mbele ya neno kaswende. Katika ya kwanza, wajawazito 40 walipimwa na hakuna aliyekutwa na ugonjwa. Katika ya pili, vitendanishi viliisha na hakuna aliyepimwa. Anayesoma idadi ya wagonjwa pekee atazipongeza zote mbili. Kwa sababu hiyo fomu hutaka pia idadi ya waliopimwa, na kwa maoni ya mwandishi hiyo ndiyo namba ya kwanza kusomwa. Ikishuka ghafla, kuna jambo la kufuatilia: huenda ni upungufu wa vitendanishi, huenda ni akina mama kuacha kuhudhuria. Maombi ya dawa na vifaa kwenda Bohari ya Dawa nayo hutegemea matumizi yaliyoandikwa.

Ugonjwa unaotibiwa kimyakimya kwa vidonge vya dukani hauonekani popote katika hesabu hizi. Katika wilaya yenye soko kubwa la mahindi la Kibaigwa, ambako wafanyabiashara na madereva hupita kila siku, pengo hilo si dogo. Tena, dozi isiyokamilika huvifundisha vimelea vya kisonono kuzoea dawa.

Wapo wanaohofia majina yao kusafiri pamoja na taarifa. Taarifa ya mwezi ina jumla kwa umri na jinsi; majina hubaki kituoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Mama mjamzito, fika kliniki mapema ukiwa na mwenza wako, kwani ukitibiwa peke yako unaweza kuambukizwa upya. Ikiwa uliwahi kutibiwa kaswende, mweleze muuguzi, maana kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonesha alama hata baada ya kupona. Kisha tazama kadi yako. Ikiwa nafasi ya majibu ya kaswende iko wazi, uliza sababu. Na ukijibiwa kwamba vipimo vimekwisha, mfikishie habari hiyo mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa kituo chako kabla fomu ya mwezi haijafungwa.