KISU CHA MFUKONI: NAMNA YA KUCHAGUA KILICHO BORA

Kisu cha kukunja ni chombo kidogo, lakini katika ufuo wa Ziwa Victoria kina kazi kutwa. Mvuvi wa Dunga hukitumia kukata kamba za nyavu na kuondoa magugu maji yaliyozonga injini. Mkulima wa mpunga katika uwanda wa Kano hufungulia magunia ya mbolea. Na karani mjini Kisumu humenyea chungwa lake la mchana. Kazi hizi si za namna moja, na kwa hiyo kisu kimfaacho karani huenda kisimfae mvuvi hata kidogo.

Siku ya Jumapili, soko la Kibuye linapofurika watu, visu hupangwa juu ya turubai vikimetameta. Wanunuzi wengi huvutwa na mng'aro huo, au na maneno yaliyochapwa ubavuni mwa kisu. Mng'aro waweza kuwa rangi tu iliyopakwa juu ya chuma hafifu, na maneno yeyote aweza kuyachapa. Mahali pa kutazama kwanza si makali wala bapa, bali ni kiungo, yaani pale bapa linapokunjikia mpini. Makali butu yaweza kunolewa. Kiungo kilicholegea ni taabu kukitengeneza.

Mnunuzi na akifungue kisu, ashike mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili ashike bapa upande wa mgongo, kisha alisukume kushoto na kulia. Likicheza, akirudishe kwa mwenyewe bila maneno mengi. Halafu akifunge polepole na kutazama kama bapa linaingia katikati ya mpini pasipo kukwaruza upande wowote. Atazame pia ribiti, kwa kuwa ribiti iliyogongwa kwa haraka huonekana imepinda au ina mwanya.

Jambo la pili, nalo ndilo kubwa, ni kipingo. Visu vingi vya bei nafuu havina kipingo. Bapa hushikiliwa na kamani peke yake. Kamani yatosha kwa kumenya tunda. Lakini mtu akichoma kwa ncha, au bapa likikwama katika mifupa ya mbuta, samaki yule mkubwa aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kisu chaweza kujikunja ghafula na kuangukia vidole. Jeraha la namna hiyo huwa upande wa ndani wa kidole, mahali zipitapo kano zinazokikunja. Kano ikikatika kabisa, kidole hakikunjiki tena mpaka daktari mpasuaji aishone, na mtu asiyeweza kukunja vidole hawezi kuvuta wavu. Kwa hiyo afanyaye kazi ya samaki asinunue kisu kisicho na kipingo, hata akiuziwa kwa nusu bei. Kukijaribu ni rahisi: kisu kifunguliwe, vidole viwekwe mbali na njia ya bapa, kisha mgongo wa bapa ukandamizwe kidogo juu ya meza. Kipingo chema hakisogei.

Kuhusu chuma, kuna namna mbili. Chuma cha pua cha kawaida hunoleka upesi hata kwa jiwe la nyumbani, lakini hushika kutu. Chuma kisichoshika kutu upesi ni kile kilichochanganywa na kromiamu, angalau sehemu 10 na nusu katika kila 100. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ndiye atajwaye sana kwa kukigundua mwaka 1913. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari ya Mombasa, lakini damu ya samaki na chumvi ya kukaushia huila chuma vilevile, na kwa hiyo chuma cha kromiamu kinamfaa zaidi mtu wa ufuoni. Wako wanaopima kwa sumaku, wakidhani kwamba chuma kisichoshika kutu hakivutwi nayo. Kipimo hicho huenda kikafaa kwa baadhi ya masufuria, lakini bapa la kisu lililofanywa gumu huvutwa na sumaku hata likiwa la kromiamu.

Visu vya Opinel, vilivyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1890, vina mpini wa mti na, katika saizi nyingi, pete ya chuma inayozungushwa kuwa kipingo. Ni vizuri kwa mkulima. Lakini mti ukilowa hufura na kulibana bapa, na mvuvi hana nafasi ya kungoja mpini ukauke. Visu vya Victorinox hutoka Uswisi, katika karakana iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884. Jina Victoria lililomo humo ni la mama yake, wala si la malkia ambaye ziwa hili liliitwa kwa jina lake. Vile vidogo vyao havina kipingo, na karani hatakikosa.

Kisu kilichokwisha kutumika kwa samaki kioshwe kikiwa wazi, kwa maji ya moto na sabuni, kikaushwe, kisha kitiwe tone moja la mafuta ya cherehani kiungoni. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Anayempelekea fundi wa kunoa na asimame pale pale atazame: jiwe likizungushwa kwa kasi hata makali yakageuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umekwisha kutoka mahali hapo, na kisu kitakuwa butu kila siku.

Bapa la sentimita 7 au 8 latosha kwa kazi zote zilizotajwa. Kisu kikae mfukoni kimefungwa. Sheria ya Kenya humtia hatiani atembeaye hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu. Naye asafiriye kwa ndege kutoka Kisumu akiweke katika mzigo unaopakiwa chini, la sivyo atakiacha kwa wakaguzi.