Bezaleli na Kijana Aliyepata D

Somo: Kutoka 31:1-6, 35:30-35

Matokeo ya KCSE yakitoka, waliopata C+ na zaidi tunawaita mbele tuwaombee, maana mlango wa chuo kikuu uko wazi kwao. Ni vizuri. Lakini aliyepata D Jumapili hiyo haji. Ukimuuliza mama yake, anakwambia, "Ako tu nyumbani."

Sasa fungua Kutoka 31. Mtu wa kwanza kutajwa kwa jina katika Biblia kwamba Mungu amemjaza Roho ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Sisi Wapentekoste tunaomba kujazwa, halafu tunatarajia maikrofoni! Na sura ya 35:34 ina neno tunaloliruka: yeye na Oholiabu walitiwa moyoni kufundisha wengine. Upako wa fundi unadai mwanafunzi.

Makanisa ya Kenya yaliliona hili zamani. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza watoto wakimaliza shule ya msingi waende wapi. Ndipo zikaanza polytechnic za vijiji, ambazo leo ni vituo vya ufundi chini ya kaunti.

Kuingia si kugumu sana. C- inafungua diploma, D inafungua kozi ya cheti, na hata mwenye E ana kozi ya artisan. Kazi ni kubaki. Karo ya Januari inadaiwa ndengu zikiwa bado shambani. Muhula wa pili kijana hana nauli wala ovaroli, anarudi nyumbani kimya kimya, anashika bodaboda ya mtu. (Boda ni kazi halali, siidharau. Lakini huyu alikuwa ameshaanza uchomeleaji.)

Mzazi, HELB inakopesha wanafunzi wa TVET pia, si wa chuo kikuu peke yao. Na kijana aliyejifunza kwa gereji hapa Mutomo bila kukanyaga darasa anaweza kufanya gredi test ya NITA, aanzie Gredi ya Tatu. Cheti hicho ataombwa akienda kutafuta kazi Nairobi.

Jumapili ijayo, maseremala, mafundi cherehani, makanika na waashi wote mbaki baada ya ibada. Kila mmoja atapewa kijana mmoja wa kufuatilia mpaka amalize kozi. Sadaka maalum itakuwa ya nauli na ovaroli. Wazazi, mje na kopi ya matokeo, hata kama ni E.